Mlango wa Hamidu

Bereko, Kondoa
4 Machi 2024

Mwanangu Mwajabu,

Assalaam alaykum. Huku tu wazima, uzima wa kusema tu. Mvua imepiga sana, mahindi ya bondeni yamefika kifuani, mbaazi bado fupi. Baba yako mdogo mgongo unamsumbua, msikitini anaenda kwa kuegemea fimbo. Bibi yako wa Masange anauliza kama umeolewa. Nimemwambia akuulize mwenyewe.

Uliniambia kwenye simu, "Mama mdogo, haya tusiyaongee hapa, niandikie, umpe Iddy alete." Sikupenda. Naona kama umenifungia mlango nikiwa nje. Lakini Iddy anashuka Dodoma na Fuso lake kila wiki, basi nimeandika.

Ni habari za Hamidu. Unajua alikuja huko Januari kuchuma zabibu Makutupora. Zabibu zilipopungua akasema anahamia Zuzu kubeba mizigo. Mwanzoni mwa Februari aliniandikia kwenye huo Mkeka wenu wa kutumiana ujumbe kwa simu kwamba vidole vimepasuka na zabibu ameshazichukia. Tangu hapo kimya. Nikipiga hapatikani. Nilivumilia nikidhani ni ujana, mwisho nikaenda kituoni kutoa taarifa.

Wapelelezi wa huko wameipata simu yake kwa fundi mmoja sokoni. Aliuziwa na mtu asiyemjua, na alikuwa ameshafuta kila kitu kilichomo. Anayeshughulika na sisi ni afande mmoja anaitwa Yoramu. Si mkali. Alikuja mpaka hapa nyumbani, akala ugali wetu, kisha akaniambia, "Mama, mwanao aliongea na nani siku ile, alikuwa anakwenda wapi, yote yapo. Yapo kwenye kampuni ya Mkeka. Wamefunga na hawataki kufungua."

Nikamwambia binti yangu anafanya kazi hapo hapo. Akasema, "Basi mama una bahati."

Fungua, mwanangu. Sijui mnafungua vipi vitu hivyo, lakini wewe unajua. Sihitaji kujua siri zake. Nataka kujua alipo tu.

Mama yako mdogo,
Hamida


Area D, Dodoma
16 Machi 2024

Shikamoo mama mdogo,

Mfungo mwema. Mimi ni mzima. Maji yanatoka kwa mgao, kazi ni nyingi, na nafuturu peke yangu mara nyingi kwa sababu vikao haviishi. Mpe pole baba mdogo. Nimemtumia Iddy dawa ya kuchua. Apake jioni, asiende kwenye upepo.

Barua yako nimeisoma nikaiweka, nikaisoma tena. Hamidu simfikirii kidogo kuliko wewe, naomba uliamini hilo kabla hujasoma mengine.

Mama mdogo, maneno ya mtu kwenye Mkeka ni kama sanduku alilotupa tumtunzie. Sanduku la Hamidu tunalo. Ufunguo ni neno la siri alilochagua mwenyewe, na sisi hatukuwahi kuliona. Mkeka tuliujenga hivyo makusudi, mimi na wenzangu wawili, ili hata sisi wenyewe tusiweze kumsoma mtu. Sikukatalii. Sina.

Na kuna jambo ambalo nadhani afande hakukueleza. Wanachoomba si sanduku la Hamidu. Wanaomba kuanzia sasa kila sanduku la kila mtu lizaliwe na ufunguo wa pili, ukae ofisini kwao, mwenyewe asijue. Wameuita njia ya dharura. Hata tukiwapa kesho, la Hamidu halitafunguka, kwa sababu lilifungwa kabla ya huo ufunguo wa pili kuwapo. Nimelisema hili vikaoni mpaka koo limekauka. Wananisikiliza, wanaandika, halafu wanaanza upya: "Na huyu kijana wa Kondoa je?"

Tafadhali muulize afande Yoramu kama wamezunguka hospitali. Kama wamewauliza wabebaji wa Zuzu. Muulize hivyo tu.

Wako,
Mwajabu


Bereko
1 Aprili 2024

Mwajabu,

Salaam. Dawa imefika.

Nilimuuliza. Amesema hayo ni mambo ya kitaalamu na wewe unatetea kampuni yako. Amesema huo ufunguo wa pili ungekuwapo tangu mwanzo tusingefika hapa. Nikaona ana haki.

Unaniandikia habari za masanduku. Mama yako alipofariki ulikuwa hujatambaa. Nilikuweka ziwa hili na Hamidu ziwa hili, mkilia kwa zamu. Hukuwa mtoto wa dada yangu, ulikuwa pacha wa Hamidu. Leo nakuomba kitu kimoja unanieleza kwa nini hakiwezekani, kwa mwandiko mzuri.

Kuna watu walikuja na afande juzi. Nimefanya walichoniomba. Kama wewe huwezi, watakaoweza wapo.

Idd nitapika kama kawaida. Usipokuja sitashangaa.

Hamida


Area D
19 Aprili 2024

Shikamoo mama mdogo,

Sikuja Idd. Nilikuwa nimefungasha na kuku wa bibi nimeshamnunua, nikashindwa kutoka. Kuku nimempa jirani.

Hukuniambia watu wale walikuja na kamera. Picha yako ukizungumza niliiona Jumatatu kwenye chumba cha mikutano, kwenye kioo kikubwa ukutani, tukiwa tumekaa na wageni wa ile ofisi ya wapelelezi. Ulivaa mtandio wa zambarau. Ulikaa kwenye kile kiti cha baba mdogo. Ulisema, "Naitwa Hamida, mama yake Hamidu. Nawaomba wenye Mkeka wafungue. Siombi zaidi." Halafu ukatazama pembeni, kama mtu anayemuuliza mwenzake iwapo inatosha. Hata hicho kipande hawakukikata.

Bosi wangu, Bwana Joel, akaniinamia. "Mwajabu, huyu si ndiye aliyekulea?"

"Ndiye."

"Na bado unasema hatuwezi?"

"Nasema haitampata Hamidu."

"Hilo najua," akasema kwa sauti ndogo. "Mimi si mjinga. Lakini nitamwambia nani, baada ya hii?"

Wageni walipotoka alinibakiza. Si mtu mbaya, mama mdogo. Ameajiri watu wengi na ameambiwa leseni haitahuishwa. Akanitaka niuandike mimi huo ufunguo wa pili, kwa sababu kufuli ya kwanza niliiandika mimi na ninaijua. Alisema nikiuandika mimi utakuwa na breki, akiuandika mwingine hautakuwa nazo. Ameniambia nifikirie mpaka Ijumaa.

Leo ni Ijumaa. Nilichomjibu sitakiandika hapa.

Sikukasirikia uliyoyasema mbele ya kamera. Ningekuwa mama ningesema hayo hayo, tena kwa sauti kubwa zaidi.

Mwajabu


Bereko
10 Juni 2024

Mwanangu Mwajabu,

Assalaam alaykum. Umekaa kimya mpaka mahindi tumevuna. Si mabaya, ingawa maji yaliyaozesha ya bondeni kwa chini. Alizeti ndege wamekula kuliko sisi. Mgongo wa baba yako mdogo umetulia. Sasa ni masikio, au hataki tu kunisikia.

Iddy ameniambia mambo ambayo ulitakiwa uniambie wewe. Kwamba kazi umeacha tangu Aprili. Kwamba alikuona Zuzu kwenye jua, viatu vyeupe kwa vumbi, unazungumza na wapakia magunia, na alipokupigia honi uligeuza uso. Kwa nini hukuniambia? Nimekaa nikikuona kwenye ofisi yenye kiyoyozi, nikikusema moyoni, kumbe.

Mkeka umebadilika. Mwezi uliopita simu yangu ilinitaka nikubali masharti mapya, la sivyo haifungui. Mwalimu Nurdini, yule mstaafu mwenyekiti wa kikundi chetu cha mbaazi, aliyasoma yote kwa miwani akasema hayaeleweki. Mimi sikusoma. Sauti za Hamidu zimo humo, zile alizokuwa akinitumia akiwa Makutupora, anacheka na wenzake. Nisingebonyeza nisingezisikia. Nikabonyeza.

Basi mlango wao, ule ufunguo wa pili, wameupata. Nilikwenda Kondoa mjini kumpigia afande kutoka kituoni, maana simu yangu hapokei tena. Nikamwambia, "Sasa mmefungua, mmeona nini?" Akasema jalada linafanyiwa kazi. Nikauliza linafanyiwa kazi gani. Akasema, "Mama, yale ya zamani ya mwanao yana ugumu wa kitaalamu."

Ndivyo ulivyoniandikia Machi. Barua yako niliitoa chini ya godoro nikaisoma tena, safari hii polepole.

Unatafuta nini Zuzu? Niandikie, hata mstari mmoja.

Mama yako mdogo,
Hamida


Area D
26 Juni 2024

Shikamoo mama mdogo,

Nakuja Ijumaa na Iddy. Mwambie baba mdogo asitoke siku hiyo. Usiwaite watu, na usipike.

Mwajabu


Bereko
25 Agosti 2024

Mwanangu Mwajabu,

Assalaam alaykum. Nimechelewa kukuandikia. Kila nikishika kalamu nasikia usingizi, tena mchana. Tumeanza kuvuna mbaazi. Hitima umeiona mwenyewe ilivyokwenda, watu walikuja hata wa Pahi. Baada ya wewe kuondoka, baba yako mdogo amekuwa akigombana na mbuzi tu.

Nataka niandike ulivyotueleza siku ile, uone kama nilisikia sawa. Nilikuwa nakutazama mdomo tu, mengine baba yako mdogo ndiye aliyenirudia baadaye.

Ulipoingia uani ulikuwa umevua viatu, umevishika mkononi. Ukasema, "Mama mdogo, nimempata." Nikauliza, "Mzima?" Ukakaa chini kwenye udongo na nguo yako ya safari.

Ukasema ulizunguka Zuzu na picha yake mpaka mama mmoja muuza uji, Raheli, alipoishika picha na kusema huyu nilikuwa namwongezea sukari. Kwamba gari la kokoto lilirudi nyuma likambana yeye na ukuta. Wenzake wakampakia kwenye bajaji, simu ikapotea hapo hapo, akafika hospitali hajitambui na hakuna ajuaye jina lake la pili. Akafa kesho yake. Wakamtangaza, wakamngoja, hakutokea mtu, mji ukamzika. Hospitali wakakuonyesha picha waliyompiga kabla ya kumzika. Yote hayo ni Februari, kabla mimi sijafika kituoni.

Kwa hiyo nilipokuwa nimekaa kwenye kile kiti nikiwaomba wafungue, mwanangu alikuwa kaburini. Nalirudia hilo kila siku nikipepeta.

Hukuniuliza kwa nini nilikubali kamera kabla ya kuzunguka hospitali. Ulikuwa na haki ya kuuliza. Hukuuliza siku ile, hukuuliza njiani, hata kule makaburini tulipokuwa tunatafuta kibao chenye namba yake na shehe anatungoja juani hukuuliza. Ahsante.

Nadhani alizikwa bila kuswaliwa. Shehe amesema swala yetu pale kaburini imetosha. Nimemwamini kwa sababu nimechoka kutoamini.

Sasa kuna hili. Mwalimu Nurdini aliitwa mjini wiki mbili zilizopita. Alikuwa amemwandikia mdogo wake wa Singida, kwenye Mkeka, wawili tu, kwamba mizani ya wanunuzi wa mbaazi imechezewa, akamtaja mkubwa mmoja anayewalinda. Walimsomea maneno yake kama yalivyo. Wakamsomea hata aliyomwandikia mkewe kuhusu ugonjwa wake. Amerudi, hajapigwa wala kufungwa. Amerudi tu akiwa mzee. Uenyekiti ameuacha na mizani inaendelea kupima inavyotaka.

Watu hapa, tangu waione ile picha yangu nikiomba, wanauita mlango wa Hamidu. "Usiandike hilo, litapita mlango wa Hamidu." Hawasemi kwa ubaya. Wengine wanacheka. Mke wa mwalimu tulikuwa tunaazimana ungo. Sasa nikimsalimu anaitika akiwa ameshanipita.

Nataka kwenda kwenye ile ofisi niwaambie walitoe jina la mwanangu. Unaonaje?

Mama yako mdogo,
Hamida


Area D
12 Septemba 2024

Shikamoo mama mdogo,

Nafurahi mbaazi zimekubali. Mimi nimepata kazi kwenye chuo kidogo karibu na hapa, nawafundisha vijana kompyuta. Hawanisumbui. Jioni napika, nakula nusu, nalala. Majirani wanadhani naumwa.

Ulisikia sawa, yote. Ila Raheli hakusema alimwongezea sukari. Alisema alimnyima, kwa sababu aliomba kila siku, na sasa anajuta. Mimi ndiye nilibadilisha nilipokuwa nawaeleza. Samahani.

Kuhusu kwenda ofisini, usiende. Nakwambia kama mtu niliyekaa nao mezani. Watakupa kiti na maji, watakusikiliza mpaka uchoke, halafu utatoka ukiwa umesaini kitu. Jina la Hamidu halimo kwenye mlango. Mle ndani kuna hesabu tu. Jina lilikuwa tu la kuwapitisha kwetu, na wameshapita.

Uliwahi kuniuliza kwa nini sikukuambia nimeacha kazi. Kwa sababu hakukuwa na cha kujisifu. Nilimwambia Bwana Joel sitauandika, nikachukua kikombe changu nikatoka. Mwenzangu mmoja wa wale wawili akauandika wiki ile ile. Ana watoto, simlaumu. Mlango ukajengwa bila mimi na bila breki, kama Joel alivyosema. Kwa hiyo kukataa kwangu kulimsaidia nani? Nikiwa darasani najiuliza hivyo ubaoni, chaki mkononi, wanafunzi wakidhani nimesahau somo.

Najua pia kwamba watu kama mwalimu waliingia Mkeka kwa sababu wewe uliwaingiza, na wewe niliyekuingiza ni mimi. Nilikuapia ni salama, na wakati ule ilikuwa kweli. Mwambie mwalimu hivyo kama atakubali kukusikiliza. Kama hatakubali, mwache.

Na usiende, mama mdogo. Nakuomba.

Mwajabu


Bereko
20 Oktoba 2024

Mwanangu Mwajabu,

Assalaam alaykum. Baba yako mdogo anakusalimu. Mbuzi wamezaa, mmoja mapacha. Joto ni kali, mawingu yanapita tu yakienda kwa wengine.

Nilikwenda. Utanisamehe. Nilishuka na Iddy Jumanne, nikarudi naye siku ile ile. Sikupita kwako kwa sababu ungenizuia, na ningekubali kuzuiwa. Nilikuwa nimechoka kiasi hicho.

Afande Yoramu alishuka mwenyewe kunipokea getini. Amekonda. Akaniketisha, akaniletea maji ya chupa kama ulivyosema. "Pole sana mama. Tulisikia."

Nikamwambia, "Nimekuja kuomba mlitoe jina la mwanangu."

"Tulitoe wapi, mama?"

"Popote mlipoliweka. Na ile picha yangu nikizungumza msiionyeshe tena."

Akasema atauliza. Akaingia ndani, akarudi na dada mmoja nadhifu sana, mwenye sauti ya kubembeleza. Akaniamkia vizuri, shikamoo mama, akanishika mikono. "Mama, kwa kweli tulikuwa tunakutafuta. Tunataka tukuombe uzungumze mara ya pili. Maneno machache tu. Kwamba uliomba, ukasikilizwa, na tangu mpango uanze mwanao amepatikana."

Sikuelewa mara moja. Nikamtazama Yoramu, naye akatazama sakafu.

"Si amepatikana?" yule dada akauliza.

"Amepatikana."

"Na si baada ya mpango kuanza?"

"Baada."

"Basi mama, sema hivyo hivyo. Hutasema uongo."

Mwajabu, nilikuwa na nia ya kusimama niondoke. Lakini kamera walikuwa wameshaileta, na kiti kilikuwepo, na miguu ilikuwa inauma. Nikasema haya. Nikakaa.

Akanipa ishara nianze. Nikasema, "Naitwa Hamida, mama yake Hamidu. Niliwaomba wenye Mkeka wafungue. Walifungua. Mwanangu amepatikana. Alipatikana na dada yake, Mwajabu, aliyekwenda kwa miguu kuwauliza watu. Alikuwa ameshazikwa kabla hawa hawajaniomba nizungumze. Mlango wao haukumpata mtu wangu. Umempata mwalimu."

Akazima. Hakukasirika, alicheka kidogo. "Mama, mwanzo ni mzuri sana. Mwisho tuuache. Turudie?"

Tukarudia. Nikasema yale yale. Akaniuliza kama nimemwelewa, nikamwambia nimekuelewa mwanangu, washa. Akawasha, nikasema yale yale. Sikupandisha sauti. Sina sauti ya kupandisha. Safari ile akamwashiria kijana wa kamera kwa mkono, wakakunja miguu ya kamera wakatoka.

Yoramu akanisindikiza mpaka getini. Akasema, "Mama, unajua ule mlango hautafungwa."

"Najua."

"Sasa umepata nini?"

Nikamwambia sijapata kitu. Nikamwambia wakitaka waendelee kuonyesha ile ya kwanza, ya pili hawana. Akasimama pale. Nilipogeuka ng'ambo ya barabara alikuwa bado amesimama, mikono mfukoni.

Nilivyofika nyumbani nilioga, nikaenda kwa mwalimu bila kualikwa. Mkewe alikuwa uani anapura mbaazi peke yake. Nikamwambia, "Yule uliyemsikia akiomba wafungue ni mimi, na nilikosea njia ya kumtafuta mtoto. Mumeo ameumia kwa hilo."

Akasema, "Tunajua ni wewe." Akaendelea kupiga. Nikabaki nimesimama, vumbi la maganda linanijaa machoni. Nikadhani niondoke. Kisha akaninyooshea fimbo ya pili. Tukapura mpaka giza. Mwalimu alikuwa ndani, nilimsikia akikohoa, hakutoka. Kesho yake nilirudi, hakutoka. Jana alitoka, akakaa kwenye kivuli na redio yake.

Uliuliza kukataa kwako kulimsaidia nani. Mimi sijui mambo ya kompyuta. Najua ungebaki kule ndani kuwaandikia, usingekuwa Zuzu, na mwanangu angekuwa bado hana jina kwenye kile kibao. Sasa lipo. Iddy amelipaka rangi nyeusi, amekosea herufi ya mwisho, tumeiacha hivyo hivyo.

Chuo si kinafunga Desemba? Njoo. Kuna mbaazi za mwalimu, kuna zetu, na mikono haitoshi.

Mama yako mdogo,
Hamida